Sisi Watu wa Ujiji

Ni mimi niliyeandika Ujiji. Nalisema mapema ili mtu asianze kutafuta mwingine wa kumlaumu.

Mama alitaka pasi ya kusafiria aende hija na akina mama wa msikiti wetu hapa Singida mjini. Ana miaka sabini na mitano, na magoti yake hayamruhusu kungoja sana. Katika nyumba yetu mimi ndiye niliyesoma. Nina stashahada ya maendeleo ya jamii, na kwa miaka ishirini nimejaza fomu za watu wa kila aina: vikundi vya wajane, watoto wa jirani, wazee wa matibabu. Fomu ya mama niliijaza nikiwa na sufuria ya wali jikoni. Jina: Kuluthumu Mselemu. Amezaliwa: Manyoni. Baba yake alizaliwa wapi? Ujiji. Mama yake? Ujiji. Nikamwambia atie sahihi, akatia bila kusoma, nikarudi kwenye wali kabla haujaungua.

Sikufikiri hata kidogo. Kwetu ukimuuliza mtu yeyote, "Ninyi ni watu wa wapi?" jibu ni moja: "Sisi watu wa Ujiji." Marehemu mjomba Abdulhamidi alilisema kwenye harusi na kwenye misiba. Mimi nimelisema tangu darasa la kwanza. Wanangu watatu wanalisema. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika Ujiji.

Wiki ya pili tukaitwa uhamiaji.

Afisa aliyetupokea anaitwa Emilian. Alisimama, akamwamkia mama shikamoo, akamvutia kiti. Nikajua mambo ni mabaya. Mtu wa ofisi hakuvutii kiti kwa habari njema.

"Bibi, Abdulhamidi Mselemu unamfahamu?"

"Kaka yangu. Ametangulia mbele ya haki, mwaka wa sita huu."

"Mwaka sabini na nne aliomba pasi, alikuwa dereva wa malori. Jalada lake lipo. Ameandika baba yake alizaliwa Kasongo, Kongo." Akageuza karatasi yetu ituelekee. "Wewe umeandika Ujiji. Baba ni huyohuyo mmoja. Kazaliwa mara mbili?"

Nikaingilia. "Afande, Ujiji na Kongo pametenganishwa na ziwa tu."

"Dada, hilo ziwa ndilo mpaka."

Mama aliitazama karatasi kama mtu anayetazama kidonda cha mwenzake.

Emilian alieleza taratibu, naye alieleza vizuri, hilo siwezi kumnyima. Mtu aliyezaliwa hapa kabla ya uhuru, sheria inamtaka awe na angalau mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika. Baba kama ni wa Kongo, anabaki mama. "Na hapa mama pia ameandikwa Ujiji," akasema. "Karatasi hii imenidanganya mara moja. Siwezi kuiamini mara ya pili. Leteni uthibitisho ndani ya siku thelathini. Msipoleta, suala si pasi tena. Nitalazimika kuandika kwamba uraia wenyewe una mashaka, na kitambulisho cha taifa kitachunguzwa." Akanitazama mimi. "Nani alijaza fomu?"

"Mimi."

"Unajua kutoa taarifa za uongo ni kosa?"

"Najua."

"Basi niletee za kweli."

Tulitoka pale mama akitembea mbele yangu. Hakunisema. Mama yangu ni msemaji. Akikuta chai haina tangawizi utasikia mpaka jioni. Siku ile hakusema neno, na chakula hakugusa. Kesho yake vilevile, akanywa uji nusu kikombe. Siku ya tatu akaniita barazani.

"Rukaya. Mgeni hamiliki ardhi, si ndivyo?"

"Mama, acha."

"Nakuuliza wewe uliyesoma. Mgeni anamiliki ardhi au hamiliki?"

"Hamiliki."

"Basi hii nyumba tuandike jina lako mapema. Wasije wakamkuta mgeni ndani." Akakunja kanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena. "Nilisimama uwanjani Manyoni siku ya uhuru na bendera ya karatasi mkononi. Nimeimba wimbo wa taifa wewe hujazaliwa. Leo naambiwa nithibitishe."

Nilitaka kumwambia pole. Badala yake nikauliza swali ambalo ningemuuliza mteja yeyote dakika ya kwanza. "Mama, bibi yangu alizaliwa wapi?"

Akajimiminia chai ambayo hakuinywa.

"Ulemo."

"Ulemo ipi?"

"Kuna Ulemo ngapi? Iramba."

Nina miaka arobaini na saba. Ulemo nimefika kikazi mara nne. Nimekula kuku pale. "Na hukuwahi kuniambia?"

"Uliwahi kuuliza? Uliambiwa Ujiji ukaridhika." Akashusha pumzi. "Dada zake baba waliona haya. Wao watu wa mjini, wanaume wana kanzu, wanawake wana baibui, halafu mke wa kaka yao katoka kwenye mashamba ya mtama. Na kule Ulemo nao waliona haya. Binti yao kachukuliwa na kibarua wa reli, kabadili dini. Pande zote mbili zilipatana kwa jambo moja tu, kunyamaza."

Jumatatu tukapanda basi la asubuhi. Tukashuka njia panda, tukamaliza safari kwa bajaji. Ilikuwa wakati wa mavuno ya alizeti. Vichwa vyake vilikuwa vimeanikwa kila uwanja, hata juu ya mawe makubwa nyuma ya nyumba. Mtendaji wa kijiji, bwana mmoja mpole aitwaye Calist, alitusikiliza mpaka mama alipotaja jina pekee alilolikumbuka la kwao, Alute, baba wa mama yake, kisha akajikuna kidevu.

"Ukoo wa mzee Alute ni mkubwa. Jina la bibi mwenyewe ni nani?"

"Rukaya," nikasema. Mimi nimepewa jina lake.

"Ukoo wa Alute hawana Rukaya. Ni Wakristo wote tangu enzi."

Nikamgeukia mama. "La nyumbani kwao aliitwa nani?"

"Silijui."

"Hulijui?"

"Baba alimwita Mama Abdulhamidi. Majirani walimwita Mama Abdulhamidi. Sisi tulimwita mama. Alikufa nina miaka kumi na tisa. Nani humuuliza mama yake jina?"

Tulikuwa tumekuja na jina la Manyoni kutafuta mtu wa Ulemo. Calist, Mungu ambariki, hakukata tamaa haraka kama mimi. Akasema yupo mzee mmoja tu wa ukoo ule anayekumbuka mambo ya kabla ya uhuru, twende.

Tulimkuta bibi Severina ameketi kwenye kigoda, anapura alizeti kwa fimbo. Ni mzee kuliko mama kwa miaka kumi na zaidi, mdogo wa mwili, na fimbo yake haikuwa na mzaha. Hakuinua kichwa.

"Kama ni watu wa sensa, nimeshahesabiwa."

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Nimeshahesabiwa."

Ndipo mama yangu aliposogea mbele, akapiga goti moja, lile bovu zaidi, akamwamkia kwa Kinyiramba. Halikuwa neno moja la kuokoteza sokoni. Ilikuwa salamu ndefu, ya kuuliza na kujibu, ya nyumba, mifugo na watoto. Nimeishi na mama huyu maisha yangu yote, sikujua kwamba anaijua lugha hiyo.

Fimbo ikasimama. Bibi Severina akajibu salamu yote, hatua kwa hatua, bila kuruka. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Geuka upande."

Mama akageuka.

"Masikio ya baba yangu hayo. Umeyatoa wapi?"

"Kwa mama. Aliolewa Manyoni, na mtu wa reli."

Yule bibi akaweka fimbo chini. "Mmechelewa. Uji wenu niliuandaa mwaka sitini na tano."

"Foleni ilikuwa ndefu, mama mdogo," akajibu mama.

Wakacheka wote wawili, kwa kicheko kilekile cha kupandia puani. Calist akanitazama, nami nikatazama alizeti kwa sababu macho yangu yalikuwa yameanza upuuzi.

"Alikuwa dada yangu," bibi Severina akasema. "Magdalena. Tukampa jina zuri, akaenda kulitupa Manyoni."

Mama yangu alisikia jina la mama yake kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sabini na mitano. Alilisema polepole. "Magdalena." Akafikiri kidogo. "Refu."

Mimi ni mtu wa shughuli, sikuweza kukaa kimya sana. "Bibi, tumefurahi, lakini afande hatakubali masikio. Anataka karatasi."

"Nendeni kanisani. Dada alibatizwa hapa."

"Jina litakuwepo?"

"Walimfuta. Alipoolewa na Mwislamu wakamsoma mbele ya watu, wakamfuta. Nilikuwepo, nilikuwa nimekaa benchi la watoto." Akaokota fimbo yake. "Lakini wazee wale hawakuwa na raba. Walikuwa na wino tu."

Mzee wa kanisa mwenye funguo, Zefania, alikuwa shambani. Tukamngoja nje kwenye benchi, mimi na mama. Nikahesabu siku moyoni: zilibaki ishirini na tatu. Nikauliza lililokuwa linanikera tangu mwanzo. "Haya, babu alitoka Kasongo. Hiyo Ujiji ilitoka wapi?"

"Ilitoka bomani," mama akasema.

Akanisimulia. Mwaka wa uhuru alikuwa na miaka kumi na miwili. Watoto wa shule waligawiwa bendera za karatasi na maandazi, wakaandamana mpaka uwanjani. Babu hakwenda. Alikaa mlangoni amevaa shati lake la kazi, na mama aliporudi alimkuta bado amekaa. Akamwambia, "Mbelgiji wa kwetu aliondoka mwaka jana. Mwingereza wa hapa kaondoka jana. Sasa mimi nimuulize nani mimi ni wa wapi?"

Watu walisema waliotoka nje wakajiandikishe bomani, nchi mpya itawapokea. Babu akaenda. Zamani pale bomani palikuwa na wazungu watatu na makarani sita. Wazungu walikwenda zao. Makarani waliosoma zaidi wakaitwa Dodoma na Dar es Salaam kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Akabaki mmoja. Huyohuyo ndiye wa kodi, wa ardhi, wa kesi, na kwa kuwa mwaka ule mvua zilikuwa zimekataa, ndiye pia aliyekuwa akigawa mahindi ya njaa. Foleni ya mahindi na foleni ya uraia ilikuwa moja.

"Baba akaambiwa fomu hazijaja, arudi mwezi ujao. Akarudi. Hazijaja. Mara ya tatu akanichukua na mimi ili wanione kwamba nimezaliwa hapa. Yule karani alikuwa hajalala, macho mekundu, watu wanagombana mbele yake kwa debe la mahindi. Akamwambia baba, 'Mzee Mselemu, wewe sema Ujiji tu. Nani ataenda kuuliza?' Baba akasema asante. Tukarudi nyumbani. Kuanzia siku ile tukawa watu wa Ujiji. Mama naye akawekwa humohumo, ili hadithi iwe moja."

"Na mjomba Abdulhamidi? Mbona aliandika Kasongo?"

"Kaka alikuwa mbishi. Hata mahari yangu aliibishia."

"Yule karani alituponza."

"Simlaumu. Alikuwa na nchi nzima mezani na kalamu moja." Akanitupia jicho. "Kuna wengine wana kalamu, wana meza, wana stashahada, na wanajaza fomu huku wanachochea wali."

Nilikubali. Lilikuwa deni langu hilo. Tena nilifurahi, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza kunisema tangu siku ile ya uhamiaji.

Zefania alikuja na vumbi la shamba miguuni, akafungua kabati la chuma, akatoa vitabu vitatu vya jalada gumu vilivyoliwa pembeni na mchwa. Kitabu cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili kilikuwa na Magdalena wanne, wote wa koo nyingine. Cha tatu kurasa zake za mwanzo zilikuwa zimeshikana, na Zefania alizitenganisha kwa ncha ya kisu, moja baada ya nyingine, akipuliza. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika bega langu. Alikuwa ananiumiza na sikumwambia.

Ukurasa wa saba, katikati, palikuwa na mstari mmoja uliokatwa kwa wino mweusi, mkato mmoja ulionyooka kama wa rula. Chini ya mkato maandishi yalisomeka yote. Nikasoma kwa sauti.

"Magdalena, binti wa Alute. Amezaliwa Ulemo, mwaka elfu moja mia tisa ishirini na saba."

"Endelea," mama akasema.

Pembeni, kwa mwandiko mdogo zaidi, mtu alikuwa ameandika sababu ya kumkata. "Ametengwa. Ameolewa na Mselemu, Mwislamu, Mmanyema wa Kasongo, kibarua wa reli Manyoni. Agosti elfu moja mia tisa arobaini na sita."

Nilisoma tena kimoyomoyo kuhakikisha. Baba, mama, Kasongo, Ulemo, Manyoni, ndoa. Yule aliyemfukuza bibi yangu alikuwa ameandika katika mistari miwili kila kitu ambacho afisa Emilian alitaka, na hakuacha hata jina la mume. Kama wangemsamehe kimyakimya, tusingekuwa na kitu. Nikaketi kwenye benchi la mbele bila kukaribishwa.

Zefania aliona haya kama vile ni yeye aliyeshika ile kalamu. "Tusamehe, mama. Nyakati zile..."

"Usiombe samahani, mwanangu," mama akasema. Alikuwa ameinama juu ya kitabu, pua karibu na karatasi. "Aliyeandika alikuwa na mwandiko mzuri."

Mchungaji alitupatia nakala yenye mhuri. Calist akaandika barua ya kijiji. Bibi Severina alikwenda kwa hakimu na kula kiapo kwamba huyu ni mtoto wa dada yake, na alipoulizwa ana uhakika gani, alimwambia hakimu amtazame masikio. Mimi nikaandika kiapo changu cha kusahihisha fomu, kwamba kosa ni langu na si la mama. Hicho nilikiandika mezani, nimekaa, jiko limezimwa.

Siku ya ishirini na mbili tulirudi uhamiaji. Emilian alisoma kila karatasi mbele na nyuma. Alichukua muda mrefu kwenye ule mstari uliokatwa. Nilikuwa nimeshika mkoba kwa mikono miwili.

"Bibi," hatimaye akasema, "huyu mama yako anatosha."

"Anatosha vipi?"

"Kazaliwa Ulemo. Wewe umezaliwa Manyoni. Umekuwa raia tangu siku ya uhuru, dakika ya kwanza. Hukuhitaji kujiandikisha, hukuhitaji foleni yoyote."

Mama akasogeza kiti mbele. "Na baba?"

"Baba ni wa Kongo. Kwako wewe haidhuru kitu."

"Hata tungesema ukweli?"

"Mngesema ukweli siku ya kwanza, pasi ungekuwa nayo."

Nilidhani atalia. Alianza kutikisika mabega, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, kisha kile kicheko cha puani kikamtoka mpaka mtu wa dirisha la pili akageuka. "Miaka sitini!" akasema. "Miaka sitini tumemficha mtu na kumbe hakuna aliyekuwa anamtafuta!" Emilian naye akashindwa kujizuia. Mimi nilicheka mwishoni, nilipokwisha kupumua.

"Kuhusu wewe, dada," akaniambia, "kiapo chako nimekipokea. Siku nyingine uliza kabla ya kuandika."

"Nimesikia, afande."

Akatoa fomu mpya. Nikanyoosha mkono kwa mazoea. Mama akanipiga kofi mkononi, akavaa miwani yake, akajivutia fomu. Aliandika kwa herufi kubwa za shule ya Manyoni, ulimi ukiwa umetokeza kidogo. Palipouliza baba alizaliwa wapi, akaandika Kasongo. Palipouliza mama, akaandika Ulemo. Palipotaka jina kamili la mama, akaandika yote mawili, Magdalena Rukaya, na halikutosha kwenye nafasi, akalimalizia pembeni.

"Nilikwambia ni refu," akasema.

Tulipotoka jua lilikuwa kali na sikulijali. Nilimpeleka kwenye mgahawa wa karibu na stendi, nikamwagizia ugali na kuku wa kienyeji bila kumuuliza, nikajiandaa kumbembeleza kama nilivyofanya kwa wiki tatu. Alikula ugali wote. Alikula paja, akala na shingo, akavuta sahani yangu akaangalia kama nimebakiza. Kisha akamwita mhudumu.

"Mwanangu, huyu kuku nani kampika?"

"Mimi, bibi."

"Chumvi hujui kuweka. Na mchuzi mwepesi, mtu unaweza kunawia. Njoo nikueleze."

Yule mhudumu akanitazama anisaidie. Sikumsaidia. Niliegemea kiti, nikanyoosha miguu chini ya meza, nikamwacha mama yangu aeleze mpaka amalize.